Kapita wa majani: nani njo mtu wa kazi?



Leo ninaanza na kosa langu mwenyewe, ndiyo historia itakuja nyuma. Miaka 3 imepita, tulikuwa vijana 14 wenye diploma ya ingenyeri agronomi, tukaunda chama kidogo cha watu wa kilimo. Nilichaguliwa kuwa sekretere. Mimi njo niliandika artikulo ya 4 ya sheria zetu: memba ni mtu mwenye lisanse ya agronomi, basi. Niliiandika kwa furaha. Nilikuwa shomeri, sikuwa na kitu ingine cha kuonyesha watu isipokuwa ile karatasi.

Siku ya mkutano wa kwanza, mzee moja alikuja na bahasha. Ndani mulikuwa franga 10,000 za mchango. Akasema: «Bana, nilisikia munaunda chama cha watu wa mimea. Mi niko kapita wa bustani miaka 31.» Nilimuuliza diploma. Hakukuwa. Nilimrudishia bahasha yake kwa adabu nyingi, nikamusomea artikulo ya 4. Akasema «aksanti, mwanangu,» akaenda.

Miezi 8 nyuma yake nikapata kazi. Kampuni moja ilikuwa inatafuta ingenyeri wa kuangalia bustani na uwanja wake wa majani. Marafiki walinicheka sana: «Mwana, ulisoma miaka 5 yote juu ya kukata majani?» Nilienda bile bile, njaa haina aibu. Siku ya kwanza wakanionyesha kapita wa pale. Alikuwa ule mzee wa bahasha. Hakusema kitu. Alinisalimia tu: «Karibu, ingenyeri.» Nitamuita hapa Papa Kapita.

Ule mwaka wa mvua nyingi, uwanja ukaanza kutoka madoa ya rangi ya manjano, duara duara. Mi nikaandika haraka lisiti ya dawa ya kuvu. Papa Kapita akaniambia: «Ingenyeri, mbele ya kununua dawa, tuache kwanza kumwaga maji magaribi. Majani yanalala na maji mgongoni usiku muzima. Tumwage alfajiri, jua likauke.» Tulifanya vile. Nyuma ya wiki 3 madoa yalipungua kabisa. Nilifungua tena noti zangu za fitopatolojia: ilikuwa imeandikwa wazi, jani lenye kubaki na maji saa nyingi njo mlango wa kuvu. Nilikuwa nimelisoma hilo somo na nikapata pointi 15 juu ya 20. Yeye hakulisoma, lakini alilijua.

Kutafuta dawa ya yale madoa njo kulinipeleka kwa watu wenye wanajua majani kupita wote duniani: wale wanaotunza viwanja vya gofu. Na pale nikakuta historia yenye ilinichoma roho, kwa sababu kwa miaka karibu 100 wanabishana juu ya ile artikulo yangu ya 4.

Gofu ya zamani ilianza Skotilandi, kwenye mchanga wa pembeni ya bahari. Mwanzoni kondoo na sungura njo walikata majani. Baadaye ikapatikana mtu wa kazi ile. Mwenye jina kubwa kati yao ni Tom Morris wa St Andrews, mzaliwa wa 1821, aliyekufa 1908. Huyu mzee alikuwa mchezaji bingwa, mtengeneza mipira, na mtunza uwanja. Wanamkumbuka kwa jambo moja lenye ingenyeri yeyote anaelewa: kutupa mchanga juu ya majani, kidogo kidogo, ili uso wa udongo ulingane na maji yashuke. Mpaka leo, kote duniani, wanatupa mchanga sawa vile.

Gofu ikavuka bahari kwenda Marekani, viwanja vikaongezeka mbio. Lakini mtunza uwanja akabaki mtu wa mlango wa nyuma. Matajiri wa klabu walimuita mlinzi wa majani, kama sisi tunavyosema kapita. Majani yakifa, kosa ni lake. Majani yakipendeza, sifa ni ya klabu. Mwaka wa 1920 shirikisho la gofu la Marekani liliunda sehemu yake ya utafiti wa majani, na wanasayansi wa wizara ya kilimo, kama Charles Piper na Russell Oakley, walikuwa wamekwisha kutoa kitabu juu ya udongo na nyasi za viwanja mwaka wa 1917. Sayansi ilikuwako. Lakini iliongea na mabosi wa klabu zaidi kuliko na mtu mwenye kushika jembe.

Basi tarehe 13 Septemba 1926, watunza viwanja 60 wakakutana kwenye klabu ya Sylvania, katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio. Wakaunda chama chao, National Association of Greenkeepers of America. Prezidenti wa kwanza alikuwa kolonel John Morley, mtunza uwanja wa Youngstown, mulemule Ohio. Nilisoma malengo yao mara mbili, tatu. Walitaka kuendeleza sanaa na sayansi ya kazi yao. Walitaka kuunganisha wenzao wa Marekani na Kanada. Walitaka kukusanya ujuzi wa kazi na kuugawa. Na walitaka kusaidia mwenzao mwenye kupata ulemavu, pamoja na familia ya mwenye kufa.

Angalia vizuri: ndani ya yale malengo hamuna diploma. Kiingilio kilikuwa kazi.

Sasa musifikiri kama walichukia masomo. Kinyume kabisa. Mwaka uliofuata, 1927, walifanya mkutano wao mkubwa wa kwanza Chicago, na gazeti lao likaanza kutoka. Mwaka ule ule, chuo cha kilimo cha Massachusetts, kupitia mwalimu Lawrence Dickinson, kilifungua masomo ya majira ya baridi kwa watunza viwanja. Waliwachukua wakati theluji imefunika majani na kazi imepungua. Ni chuo kilichojipanga kufuata kalenda ya mfanyakazi. Kwetu huku, ni fakilte gani imeshawahi kufanya vile kwa makapita na wamonitere wa kilimo?

Na wafanyakazi nao walirudisha zawadi kwa chuo. Kulikuwa na mtu anaitwa Joseph Valentine, alitoka Italia akawa mtunza uwanja wa Merion, karibu ya Philadelphia. Njo yeye alisukuma chuo cha Penn State kianze utafiti wa majani, mwaka wa 1929. Mwaka wa 1936 akaona kando ya shimo la 17 kipande cha majani yenye rangi ya kijani nzito, yenye kustahimili ugonjwa kupita majirani wake. Hakuyapita tu. Aliyachukua na kuyapeleka kwa watafiti. Yakawa aina yenye kuitwa Merion, ikaenea katika viwanja na mabustani mengi ya Marekani. Leo kituo cha utafiti wa majani cha Penn State kina jina lake. Sisi wote tulifundishwa somo la uteuzi wa mbegu, lakini mara ngapi mwalimu alituambia kama uteuzi unaanza na jicho la mtu mwenye kupita pale kila siku?

Kuko jambo ingine lenye litawafurahisha. Katika majimbo ya joto ya Marekani, majani ya Ulaya yalikuwa yanakufa kwa jua. Dawa ilitoka Afrika. Mtafiti Glenn Burton wa Tifton, jimbo la Georgia, aliunganisha Cynodon ya kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini, Cynodon transvaalensis. Mulemo akatoa Tifgreen mwaka wa 1956 na Tifway mwaka wa 1960. Cynodon, bandugu! Ile ile yenye tunaita «chiendent», yenye mama zetu wanangoa mashambani kwa kulaani. Na majani ya kikuyu, yenye yanapanda milima ya Kenya na yenye wafugaji wa Kivu wanayajua vizuri, yako yanakanyagwa na mabingwa kwenye klabu ya Riviera, Los Angeles. Mali yetu wameitengenezea sayansi na biashara. Sisi tuliiona takataka.

Turudi kwa chama. Mwaka wa 1938 kikabadilisha jina, kikaweka ndani neno superintendent, ni kusema msimamizi. Mwaka wa 1951 neno la mlinzi wa majani likatoka kabisa: ikawa Golf Course Superintendents Association of America, jina lenye kinabeba mpaka leo. Mtu anaweza kusema ni majivuno tu. Mi ninaona shida yao. Mtunza uwanja wa wakati ule alikuwa anapanga bajeti, anaongoza wafanyakazi, anachagua mashini na dawa, lakini jina lake lilikuwa bado la mtu wa kufukuza kondoo. Jina linabeba mshahara. Hata kwetu, anayeitwa «boyi wa bustani» na anayeitwa «msimamizi wa maeneo ya kijani» wanaweza kufanya kazi moja, lakini bahasha ya mwisho wa mwezi haifanane.

Mwaka wa 1971 wakaanzisha cheti cha ufundi. Mwenye kukitaka anapita mtihani, na kazi yake inakaguliwa pale pale uwanjani. Mwaka wa 1974 makao yao yakahamia Lawrence, jimbo la Kansas. Kisha ukaja ugomvi mkubwa wenye unafanana na wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakubwa wa chama walitaka kukaza masharti ya memba wa daraja la A, lenye ni la juu. Wazee wakakasirika. Mtu aliyelinda uwanja miaka 25 anaambiwa na kijana atoe uthibitisho wa ujuzi wake! Waliongea sana, wakatengeneza upya mapendekezo, ndiyo kura ikapita Februari 2001. Masharti mapya yakaanza kufanya kazi mwaka wa 2003: uzoefu, masomo, kuonyesha kama unajua kutumia dawa za mimea bila hatari, na kuendelea kujifunza ili kulinda daraja lako.

Pale njo niliona jibu lenye sikulitafuta. Hawakufunga mlango kwa mwenye kukosa diploma, na hawakusema uzoefu peke yake unatosha. Waliweka ngazi. Diploma inakupandisha, miaka ya kazi inakupandisha, mafunzo yanakupandisha. Na hata mwenye kufika juu anaombwa kurudi kujifunza. Diploma yangu, mi mwenye kuandika artikulo ya 4, ilikuwa haiombwi kitu kingine mpaka nife.

Lakini nisiwauzie ile historia kama vile ni ya malaika. Gofu ni mchezo wenye ulifungia watu nje kwa muda mrefu. Katika New Orleans kulikuwa mtu mweusi anaitwa Joseph Bartholomew, mzaliwa wa 1888. Alianza kama mtoto wa kubeba fimbo za wachezaji, akawa mtunza uwanja, kisha akajenga uwanja wa klabu ya Metairie. Akaumaliza, ukapendeza, lakini hakuruhusiwa kuucheza, juu ya ngozi yake. Ni mwaka wa 1979 tu, yeye akiwa amekwisha kufa, ndipo uwanja moja wa ule mji ukapewa jina lake.

Na sisi Wakongomani tusijifanye wageni wa ile habari. Léopoldville ya wakoloni ilikatwa pande mbili, mji wa wazungu na site ya weusi, na katikati wakaacha eneo tupu. Uwanja wa gofu ulikuwa ndani ya lile eneo, pamoja na bustani ya mimea na bustani ya wanyama. Ni kusema majani yenye kukatwa vizuri yalitumika kama ukuta. Na ule ukuta ulikuwa unamwagiliwa na nani? Na babu zetu, chini ya kapita. Hapa Lubumbashi neno Golf limebaki jina la quartier, tunapanda taksi tunasema «Golf, Golf», hatuwazi hata kidogo.

Hata kati ya weupe wenyewe, mwenye kukata majani alikuwa mtu wa chini. Arnold Palmer, bingwa wa gofu, baba yake alikuwa mtunza uwanja wa Latrobe, Pennsylvania. Yule mtoto alikuwa anacheza asubuhi sana ama jioni, wakati wenye klabu hawako. Mwaka wa 1983 kile chama cha wasimamizi kilianzisha tuzo yenye jina la mzee Tom Morris, na wa kwanza kuipokea akawa Palmer. Ninapenda kufikiri kama siku ile walikuwa wanapigia makofi na baba yake pia.

Sasa nifike kwa jambo lenye lilininyima usingizi. Kazi ya majani ni kazi ya dawa. Kwa miaka mingi viwanja vya gofu vilitumia dawa kali, hata za zebaki, ili kuua kuvu. Watu walichanganya kwa mikono, walipuliza bila kufunika pua. Baadaye kile chama kikakubali kufanya jambo lenye vyama vingi vinaogopa: kuhesabu wafu wake. Watafiti wa chuo kikuu cha Iowa walichukua vyeti vya kifo vya memba 686 waliokufa kati ya 1970 na 1992, wakatoa matokeo mwaka wa 1996. Waliona sehemu ya vifo vya kansa fulani, kama ya ubongo, ya prostate na ya damu aina ya limfoma, inapita kiasi cha kawaida. Ule utafiti haukusema ni dawa gani imefanya nini, na watafiti wenyewe walikuwa waangalifu. Lakini swali liliulizwa. Na sababu gani liliwezekana kuulizwa? Kwa sababu yale majina yalikuwa ndani ya kitabu cha memba. Mtu mwenye hayuko kwenye liste, hata kifo chake hakihesabiwi.

Niliposoma pale, nikafikiri mikono ya Papa Kapita. Kwa miaka 30 na zaidi amechanganya dawa kwa kijiti, wakati mwingine kwa vidole. Maandishi ya kopo ni ya Kifaransa ama Kiingereza, na herufi zake ni ndogo kama mchwa. Mimi njo nilikuwa na ule ujuzi wa kusoma kopo. Yeye njo alikuwa na ujuzi wa maji ya alfajiri. Na mi nilikuwa nimeweka artikulo katikati yetu, ili tusikutane.

Kuko somo lingine kutoka Uingereza, tena linatuhusu kabisa, sisi mabingwa wa chama kimoja na komite mbili. Watunza viwanja wa kule walianza chama mwaka wa 1912. Kwa wakati wakagawanyika: kuko cha Waingereza, kuko cha Waskoti, kuko cha Britania. Kila kimoja na prezidenti wake na muhuri wake, na wote wanakata majani yale yale. Mwaka wa 1987 vile vyama 3 vikaungana, ikawa BIGGA. Walimaliza miaka mingi ili kuelewa kama majani hayana mpaka.

Na leo? Nyuma ya mwaka wa 2006, kwa miaka mingi viwanja vyenye kufungwa Marekani vilikuwa vinapita vyenye kufunguliwa, na idadi ya wasimamizi ndani ya chama ikashuka. Chama chenye kupoteza watu kinaweza kufanya mambo mawili: kulilia zamani, ama kuangalia nani mwenye kusimama inje ya mlango. Wao waliimarisha nafasi ya wasaidizi na ya wanafunzi, na katika miaka ya 2010 wakaweka daraja la mafundi wa mashini, watu wa mafuta na spana, wenye bila wao hakuna majani yenye kukatwa. Mtu wa 1926 angeelewa mara moja.

Basi, ndugu, mwezi ujao chama chetu kidogo kinakutana. Tumebaki watu 9 wenye kulipa mchango. Nimeandika upya artikulo ya 4, na nitaisoma mimi mwenyewe, kwa sauti ile ile niliyosomea ya kwanza. Inasema: memba ni mtu yeyote mwenye kuishi kwa kazi ya kilimo na mwenye kukubali kuendelea kujifunza. Madaraja yatakuwa 3, na mtu anaweza kupanda kwa masomo ama kwa miaka ya kazi. Nimeongeza kifungu kimoja, kama wale 60 wa Toledo: kila mwenye kushika dawa atapewa glovu, kinyago na maelezo kwa Kiswahili, na familia ya mgonjwa itasaidiwa na kisanduku cha chama.

Wenzangu wawili wamekwisha kunipigia simu. Moja aliniuliza: «Yaya, sasa diploma yetu itabaki na bei gani?» Ni swali nzuri, silicheki. Nilimujibu kama diploma itabaki na bei ile ya siku yenye kopo la dawa linafunguliwa na mtu anatafuta wa kumusomea. Kama hatuko pale, bei yake ni sifuri.

Jana magaribi nilimueleza Papa Kapita habari ya mkutano. Alikuwa anakunja mpira wa maji. Hakuniangalia. Akauliza tu: «Mchango ungali ile ile, franga 10,000?»

Nilimuambia ndiyo.

«Basi nitakuja,» akasema. «Lakini mwanangu, ile siku, bahasha usiirudishe mbele ya watu.»

Sijui kura itaenda namna gani. Wale wa kura ya ndiyo tuko 4, tunahitaji 5.